Mende au mdudu wa majini? Mwongozo kamili wa kuwatofautisha na kuwashughulikia, kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Wakati wa masika, wadudu wawili wanaokaribiana kwa rangi na kwa ukubwa huingia katika nyumba zetu, na karibu kila mtu huwaita wote mende. Mmoja ni mende kweli, yule mkubwa wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, anayetoka kwenye chemba za maji taka na vyoo vya shimo. Mwingine ni mwindaji wa majini anayeishi kwenye mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki na maji yaendayo taratibu, ambaye usiku huruka na kuvutwa na taa za majumbani. Majirani zangu humwita mende wa maji kwa kukosa jina jingine. Katika mwongozo huu nitamwita mdudu wa majini, ili asichanganywe na mende hata kwa jina.

Nimeandika haya kwa sababu kuwachanganya wadudu hawa kuna gharama, na gharama hiyo nimeiona kwa pande zote mbili. Usiku mmoja wa Aprili, mama mwenye nyumba niliyopanga upande wa Mabogini alinigongea mlango akihema. Nilipomwamkia hakungoja kumaliza kuitikia: "Marahaba mwanangu, njoo uone mende, sijapata kuona mende wa namna hii." Alikuwa amekwisha kupulizia karibu nusu kopo la dawa sebuleni, na chumba kilichofuata alikuwa amelala mjukuu wake wa miezi minne, ambaye tulimsikia akikohoa. Mdudu mwenyewe alikuwa chali karibu na mlango, miguu ikichezacheza. Nilimmulika tochi, nikaona chini ya kichwa chake mdomo mfupi uliochongoka kama sindano nene. Hakuwa mende, na asingeweza kuzaliana ndani ya nyumba ile hata kama angeachwa mwaka mzima. Dawa yote ile iliwadhuru watu bure.

Upande wa pili ni wa ndugu yangu anayeishi Arusha. Yeye alikuwa akiona mdudu mmoja mmoja bafuni, na akajituliza kwa kusema kwamba ni wadudu wa maji tu wanaopita kwenye bomba. Baada ya miezi mitatu fundi alifunua mfuniko wa chemba nyuma ya nyumba, na upande wa chini wa mfuniko huo ulikuwa umefunikwa na mende wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata, na ninayoomba uifuate, ni moja: mtambue kwanza, ndipo uchukue hatua, kwa maana tiba ya mmoja haimhusu kabisa mwingine.

Undugu wao, na mkanganyiko wa majina

Kwa ukoo wadudu hawa wako mbali sana. Mende ni jamaa ya mchwa, na wataalamu wa wadudu siku hizi humweka mchwa ndani ya kundi lile lile la mende. Vunjajungu naye ni jamaa yao wa karibu. Mdudu wa majini, wa familia inayoitwa Belostomatidae, ni wa kundi la kunguni na vidukari, yaani wadudu wenye mdomo wa mrija ambao hawatafuni bali hudunga na kufyonza. Ukikumbuka kwamba mmoja ni wa ukoo wa mchwa anayetafuna na mwingine wa ukoo wa kunguni anayefyonza, alama nyingi nitakazozitaja hapa chini utaweza kuzikisia mwenyewe.

Anayetafuta habari kwenye intaneti ajihadhari, kwa sababu Marekani watu wengi humwita mende mkubwa wa chemba "mdudu wa maji" kutokana na tabia yake ya kupenda unyevu, na picha za wadudu hawa wawili huchanganywa chini ya jina hilo moja. Jina la kisayansi la mende huyo, Periplaneta americana, nalo linapotosha. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe wengi majina ya kisayansi, alimtaja kwa jina la Marekani mwaka 1758, ilhali asili yake ni Afrika, na alifikishwa ng'ambo na meli. Mende mdogo wa jikoni, Blattella germanica, anaitwa wa Ujerumani, lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Kusini.

Hatua ya kwanza: usimguse, na uangalie amekutwa wapi

Kabla ya kuinua ndala au ufagio, simama umbali wa hatua mbili, washa tochi na ujiulize mambo mawili: mdudu huyu yuko wapi, na anafanya nini? Mdudu wa majini hupatikana zaidi chini ya taa ya nje, barazani, kwenye kizingiti, au sebuleni baada ya mlango kuachwa wazi usiku. Wakazi wa karibu na skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 na inayolisha mashamba ya mpunga ya kina Mabogini na Chekereni, wana nafasi kubwa ya kumwona, na vivyo hivyo wanaoishi karibu na mabwawa ya samaki au Ziwa Duluti kule Tengeru. Mende hupatikana jikoni, bafuni, chooni, nyuma ya friji, ndani ya makabati, na hujitokeza hasa taa zikiwa zimezimwa.

Mwendo wao unatoa ushahidi mzuri zaidi ya mahali. Ukiwasha taa, mende hukimbia gizani mara moja, na kasi yake hushangaza, kwa sababu nyuma ya mwili ana vijimkia viwili vyenye vinyweleo vinavyohisi hata upepo mdogo wa mguu wako unaposogea. Mdudu wa majini akiwa sakafuni ni kama mtumbwi uliopandishwa mchangani: miguu yake ya nyuma ni makasia, kwa hiyo hujikokota na kuzungukazunguka mahali pamoja. Kinyume cha mende, yeye hauogopi mwanga. Wakati mwingine hujifanya amekufa, akakaa kimya kabisa huku amekunja miguu, na hapo ndipo watoto humwokota. Mkanye mtoto mapema asiokote mdudu yeyote mkubwa aliyelala chini ya taa, hata kama anaonekana mfu.

Hatua ya pili: mfunike ili umtazame kwa usalama

Chukua bakuli la plastiki linaloonyesha ndani, au glasi pana, umfunike taratibu. Kisha pitisha karatasi ngumu chini yake, kwa mfano kipande cha boksi au jalada la daftari, uinue vyote pamoja. Usitumie mfuko laini wa plastiki wala kitambaa chepesi, kwa sababu mdomo wa mdudu wa majini hupenya vitu hivyo na kukufikia kidoleni. Ikiwa una kopo la plastiki lenye kifuniko, ni bora zaidi, kwa kuwa utaweza kuligeuza na kumtazama tumboni.

Hatua ya tatu: tazama vipapasio

Kama una nafasi ya kuangalia alama moja tu, angalia hii. Mende ana vipapasio viwili virefu na vyembamba kama uzi, ambavyo hufikia au kupita urefu wa mwili wake, na huvitikisa bila kupumzika, kimoja kikielekea mbele na kingine pembeni. Hata mende aliyejificha ufani huonyesha vipapasio vyake kabla hujamwona mwenyewe. Mdudu wa majini naye ana vipapasio, lakini ni vifupi sana na amevificha katika vijishimo chini ya macho, kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu utasema hana kabisa. Kinachoonekana kichwani pake ni macho mawili makubwa ya pembeni na, mbele yake, miguu miwili minene iliyokunjwa kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia.

Mende aliyezeeka au aliyepigwa huweza kukatika vipapasio, kwa hiyo usihitimishe kwa alama hii pekee ikiwa mdudu ameumia. Endelea na zinazofuata.

Hatua ya nne: mabawa na mgongo

Mtazame mgongoni. Mende ana ngao pana nyuma ya kichwa, iliyokifunika kichwa chenyewe, hivyo ukimtazama kutoka juu kichwa karibu hakionekani. Kwa mende mkubwa wa chemba, ngao hiyo ina ukingo wa rangi ya njano iliyofifia unaozunguka madoa mawili meusi zaidi. Mabawa yake ya juu yanafanana na ngozi nyembamba kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo hulala moja juu ya jingine kwa urefu.

Mdudu wa majini ana kichwa kinachoonekana wazi. Katikati ya mgongo, pale mabawa yanapoanzia, kuna pembetatu iliyo dhahiri yenye ncha inayoelekea nyuma. Kila bawa la juu lina sehemu mbili: nusu ya mbele ni ngumu kama ngozi, na nusu ya nyuma ni laini na nyembamba. Mabawa yakikunjwa, sehemu hizo laini hupishana na kufanya alama ya mkasi. Mwili wake kwa ujumla ni bapa, wa umbo la yai au la jani, na rangi yake ni ya kahawia iliyofifia kama ya matope makavu, bila ule mng'ao wa mafuta alio nao mende.

Kwa ukubwa, mende wa chemba hufikia sentimita 4 hivi, wakati mwingine 5. Wadudu wa majini wana aina nyingi: wapo wa sentimita 2, na wapo hapa Afrika wanaopita sentimita 6. Kwa hiyo ukikutana na "mende" anayejaza kiganja cha mtoto, tayari una sababu nzuri ya kushuku kwamba si mende.

Hatua ya tano: miguu na sehemu ya chini

Miguu sita ya mende inafanana, yote ni ya kukimbilia na yote ina miiba. Miguu ya mdudu wa majini imegawana kazi. Ya mbele ni ya kukamatia mawindo, ya kati na ya nyuma ni ya kuogelea, imetanuka na ina nywele pembeni kama brashi.

Geuza kopo umtazame tumboni. Mdudu wa majini ana mdomo wa mrija uliokunjwa kuelekea kifuani. Huu ndio anaoutumia kumdunga kiluwiluwi, samaki mdogo, chura au konokono, akamwingizia majimaji yanayoyeyusha nyama kwa ndani, kisha akafyonza. Mende hana mrija wowote. Ana taya za kutafunia zinazosogea kushoto na kulia. Mwisho wa mwili, mende ana vile vijimkia viwili vya pembeni nilivyovitaja, na mdudu wa majini ana vijibomba vifupi vya katikati anavyovitoa juu ya maji ili avute hewa, kwa kuwa hana matamvua ya samaki na hewa huipata hapo juu.

Mayai, alama ambayo haidanganyi

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ni jambo la ajabu na lina manufaa. Mende jike hutaga mayai ndani ya kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, mithili ya punje ya maharage madogo. Mende wa chemba hukiweka kifuko hicho mahali palipofichika, na ndani yake huwa na mayai 14 hadi 16. Mende mdogo wa jikoni hutembea nacho nyuma ya mwili mpaka karibu ya kuanguliwa, kikiwa na mayai 30 hadi 40. Ukikuta kifuko cha namna hiyo kwenye droo au nyuma ya kabati, hata kama hujaona mende hata mmoja, unaye.

Mdudu wa majini hatagi ndani ya nyumba kamwe. Katika aina nyingi za wadogo wao, jike huyagandisha mayai mgongoni mwa dume, mengine hupita mia, na dume huogelea nayo, akiyapandisha juu yapate hewa na kuyashusha yapate maji, hadi yaanguliwe. Katika aina kubwa, mayai hubandikwa kwenye shina la jani juu ya maji, na dume hupanda mara kwa mara kuyalowesha yasikauke. Nimewahi kumwona mmoja wa wale wadogo kwenye mfereji wa mpunga, mgongo wote umejaa mayai yaliyopangwa kama punje za ulezi zilizosimamishwa wima, naye akisogea polepole kana kwamba anajua alichobeba. Ukimkuta dume wa namna hiyo, mrudishe majini haraka; akikauka yeye, yatakauka na mayai.

Iwapo alama hazikubaliani, huenda umempata mdudu wa tatu. Mbawakawa wa majini ana mabawa magumu yanayokutana katika mstari mmoja ulionyooka katikati ya mgongo, bila kupishana. Yupo pia jamaa wa mdudu wa majini mwenye mkia mrefu mwembamba kama mrija, ambaye huonekana kama nge. Mkia huo ni wa kupumulia, haudungi.

Ukiwa umethibitisha kwamba ni mdudu wa majini

Usipulizie dawa. Ikiwa chanzo cha maji kiko karibu, mpeleke akiwa ndani ya kopo na umwachie ukingoni. Ikiwa hakipo, mtoe nje na uzime taa iliyomvuta, ataruka mwenyewe.

Kinga ni kushughulikia taa. Zima taa za nje zisizo za lazima kati ya saa moja na saa nne usiku katika miezi ya mvua, au badilisha balbu nyeupe kali uweke ya rangi ya njano, ambayo huvuta wadudu wachache. Kama taa ya ulinzi ni lazima iwake usiku kucha, ihamishe kutoka juu ya mlango uiweke kwenye nguzo mbali kidogo na nyumba, ili mwanga uangukie mlango bila wadudu kuanguka mlangoni. Ziba uwazi ulio chini ya mlango, na ushone nyavu za madirisha zilizotoboka.

Akikuuma, utaumia sana. Ni miongoni mwa maumivu makali ya wadudu wetu, na uvimbe unaweza kudumu saa kadhaa au zaidi, lakini kwa mtu mwenye afya si wa kuua. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, weka kitambaa kilichoviringishiwa barafu au kilicholoweshwa maji baridi, na umeze paracetamol ikihitajika. Usichanje, usifyonze kwa mdomo, wala usipake mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa uso au midomo inavimba, pumzi inabana, wekundu unaendelea kupanda mkono siku ya pili, au jeraha liko karibu na jicho. Anayepalilia mpunga avae viatu vya mpira, kwa kuwa wengi huumwa vidole vya miguu wakiwa ndani ya maji, jambo lililompa mdudu huyu sifa yake mbaya kuliko anavyostahili.

Nasema kuliko anavyostahili kwa sababu shambani ana kazi. Hula viluwiluwi vya mbu na konokono, wakiwemo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao wakulima wa mabondeni wanaufahamu. Mahali pekee ninapokubali apunguzwe ni kwenye bwawa la vifaranga vya samaki, ambako anaweza kula perege wadogo na vifaranga vya kambale. Hata huko usimwage sumu ndani ya maji. Kausha bwawa kabla ya kupandikiza, fyeka majani ya kingo, jaza maji mapya na uweke vifaranga ndani ya siku chache kabla wadudu hawajahamia, na usiwashe taa juu ya bwawa usiku.

Ukiwa umethibitisha kwamba ni mende

Hapa sharti uwe na haraka na uvumilivu kwa pamoja. Mende hubeba vijidudu vya kuhara kutoka chooni hadi kwenye sahani, na vumbi la maganda na kinyesi chake huamsha pumu, hasa kwa watoto.

Kwanza mpime kwa rula. Mwenye sentimita 3.5 na zaidi ni wa chemba. Mwenye sentimita 1 hadi 1.6, wa kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi kwenye ngao, ni wa jikoni. Yupo pia mdogo mwenye mikanda miwili myeupe inayokata mabawa, anayependa mahali pakavu palipo juu, kama nyuma ya fremu za picha, ndani ya redio na kwenye kabati la nguo. Kutambua aina kunakuonyesha pa kuanzia: wa chemba hutoka nje na chini, wa jikoni anaishi humo humo jikoni kwako.

Kwa mende wa chemba, kazi kubwa iko nje ya nyumba. Funua chemba mchana ukiwa na tochi, tazama upande wa chini wa mfuniko, kisha rekebisha mifuniko iliyopasuka na uizibe kingo kwa saruji au mpira. Kwenye bomba la hewa la choo cha shimo funga wavu usiooza. Matundu ya maji ya sakafuni ambayo hayatumiki, kama bafu la wageni, yamwagie maji kila wiki, kwa sababu maji yanayotuama kwenye kona ya bomba ndiyo kizuizi kinachomzuia mende kupanda. Yakikauka, njia iko wazi. Usiku funika tundu kwa kizibo. Ndugu yangu alipofanya hayo tu, kabla hata ya kununua dawa, bafu lake lilitulia ndani ya wiki mbili.

Kwa mende wa jikoni anza na maji. Mende huvumilia njaa kwa wiki kadhaa, lakini kiu humlemea mapema zaidi, hivyo koki inayodondosha ni karamu ya kila usiku. Rekebisha koki, kausha sinki kabla ya kulala, usiache vyombo vichafu vikiloweka, na mwaga maji ya sahani iliyo chini ya friji. Unga, sukari na dagaa vihifadhi kwenye madumu au ndoo zenye vifuniko. Kila boksi au kreti inayotoka sokoni au dukani ifunguliwe nje, kwa kuwa wengi huingia nayo.

Kisha weka mitego ili ujue wako wapi na ni wangapi. Unaweza kununua karatasi za gundi, au utengeneze wako: chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, paka mafuta ya mgando upande wa ndani karibu na mdomo, viringishia karatasi kwa nje ili wapate pa kupandia, na uweke ndani kipande cha mkate kilicholoweshwa bia. Mimi hutumia mbege, na harufu yake huwavuta vizuri. Weka mtego mmoja chini ya sinki, mmoja nyuma ya friji na mmoja bafuni, uandike idadi kila asubuhi kwa wiki moja.

Dawa huja baada ya hapo. Ninapendelea jeli ya mende, kwa sababu huliwa, haipuliziwi hewani, na mende aliyeila huweza kuwaambukiza sumu wenzake wanaokula kinyesi au mzoga wake. Weka matone madogo, kila moja kama punje ya dengu, kwenye bawaba za makabati, pembe za nyuma ya friji na njia mitego ilikoonyesha wingi wao. Usipulizie dawa ya kopo karibu na jeli, kwa sababu harufu yake huwafukuza mende kwenye chambo na kukupotezea fedha. Unga wa asidi ya boriki nao hufaa ukinyunyizwa utando mwembamba sana nyuma ya vitu vizito. Rundo nene mende huliruka. Uweke mbali na chakula na mahali watoto wanapofika.

Dawa yoyote unayonunua iwe kwenye chombo chake cha asili, yenye lebo inayosomeka na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, na usitumie ndani ya nyumba dawa ya kupulizia nyanya au kahawa, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya shamba na inaweza kumdhuru mtoto anayetambaa sakafuni.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kuacha baada ya wiki mbili wakidhani wameshinda. Kifuko cha mayai hukinga yaliyomo dhidi ya dawa nyingi. Mayai ya mende wa chemba huchukua mwezi mmoja hadi miwili kuanguliwa, na mtoto huhitaji miezi 6 hadi 12 kuwa mkubwa. Mende wa jikoni, katika joto la Moshi mjini, anaweza kumaliza mzunguko mzima ndani ya miezi miwili au mitatu. Arusha, iliyo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina baridi zaidi, na hasa kati ya Juni na Agosti mende huko hujibana karibu na mota ya friji na jiko, hivyo weka jeli zaidi mahali hapo. Rudia kuweka jeli kila baada ya wiki tatu au nne, kusanya vifuko vya mayai unavyoviona na uviponde au uvichome, na uendelee kuhesabu waliomo mitegoni. Idadi ikipungua huku wanaobaki wakiwa wadogo watupu, ujue kizazi kipya kimeanguliwa na bado una kazi. Ukikaa miezi mitatu mfululizo bila kupata hata mmoja, ondoa mitego yote ila ule ulio chini ya sinki.